Maombi 14, simu hakuna

MUULIZE DOKTA. Anayejibu ukurasa huu ni daktari mstaafu. Alifanya kazi serikalini, kisha katika hospitali ya misheni Nyanda za Juu Kusini, ambako alikaa kwenye kamati ya usaili kwa miaka 17.

SWALI: Shikamoo Dokta. Nilimaliza utarajali, ule mwaka wa mazoezi ya kazi baada ya chuo, mwezi wa nne katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Tangu hapo nimeomba kazi mara 14: serikalini kupitia Ajira Portal mara tatu, hospitali za dini mara nane, za binafsi mara tatu. Sijaitwa hata kwenye usaili mmoja. Wenzangu wawili tuliokuwa tukilala chumba kimoja wameshaanza kazi, na sioni walichonizidi. Nakutumia wasifu wangu, una kurasa saba, pamoja na barua ninayotumia. Niambie ukweli hata kama utauma.
Daktari asiyeitwa, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utauma kidogo tu, maana wewe si daktari mbaya. Hilo nimeligundua kwenye ukurasa wa sita. Tatizo ni kwamba mwajiri hafiki ukurasa wa sita.

Ngoja nikueleze karatasi zako zinasomwaje. Kwetu, maombi yalianzia kwa katibu wa hospitali. Yeye hakuwa akitafuta daktari mzuri, alikuwa akitafuta sababu ya kupunguza rundo: nani hana cheti, nani hana usajili, nani leseni yake imekwisha. Yaliyobaki ndiyo yaliyokuja mezani kwetu, nasi tulikuwa wanne: daktari mfawidhi, muuguzi mkuu, katibu mwenyewe na mimi. Chai ya saa nne inapoa, wodini wanatusubiri, simu ya mfawidhi inaita. Kila ombi lilipata dakika mbili, likibahatika tatu.

Sasa tazama ukurasa wako wa kwanza. Jina la waraka kwa herufi kubwa kama bango la duka. Picha. Dini, hali ya ndoa, jina la baba na kazi yake. Kisha “Malengo: kuwa mtaalamu mchapakazi na mwenye kujituma katika taasisi inayokua.” Kisha shule ya msingi, na ukiranja wa afya ukiwa darasa la sita. Namba yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika nimeikuta ukurasa wa nne, imebanwa kati ya cheti cha kompyuta na cheti cha uongozi wa wanafunzi. Jamani! Bila namba hiyo wewe ni mtu aliyevaa koti jeupe tu. Sheria inayosimamia taaluma yetu, ile ya mwaka 2017, haina mzaha na asiyesajiliwa, na hakuna katibu atakayeifukunyua hadi ukurasa wa nne wakati chini ya mkono wake kuna wengine hamsini.

Usidhani nilizaliwa nikijua haya. Nilihitimu Muhimbili mwaka 1986, na sisi hatukuandika maombi ya kazi. Serikali ilikupangia, ukafunga godoro lako, ukapanda basi. Hospitali za binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977 na zikaruhusiwa tena 1991, kwa hiyo hata wa kumwandikia hakuwepo, ukiacha wamisheni. Wasifu wangu wa kwanza niliuandika mwaka 1994, nikiwa mama wa watoto watatu, kwa taipureta ya kuazima. Niliweka urefu wangu na kundi la damu. Mzee aliyenisaili aliniuliza kama naomba kazi au naomba kuongezewa damu.

Umeshasimama kwenye raundi ya asubuhi. Bingwa yuko miguuni pa kitanda, wewe unasoma: mama wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 38, ameletwa kwa rufaa usiku akiwa na kifafa cha mimba, amepewa magneziamu ya kuzuia degedege, presha sasa ni kadhaa. Huanzi na shule ya msingi aliyosoma mgonjwa. Basi nawe jieleze vivyo hivyo. Chini ya jina na namba ya simu, weka mistari minne isomeke hivi:

“Daktari (MD). Usajili kamili, Baraza la Madaktari Tanganyika, namba hii. Leseni hai hadi tarehe hii. Utarajali wa miezi 12 umekamilika Aprili, hospitali ya rufaa ya mkoa. Yuko Tabora, anaweza kuanza kazi ndani ya wiki mbili, yuko tayari kuishi kijijini.”

Hayo maneno manne ya mwisho, kama ni ya kweli, usiyaache. Kuna hospitali zimemeza mate kwa ajili yake.

Kinachofuata ni utarajali, na hapo ndipo penye nyama. Wewe umeandika: “Nilizunguka idara zote kubwa na kupata uzoefu wa kutosha.” Wa kutosha kwa nani? Mimi niliyekaa upande wa pili wa meza namtafuta mtu atakayebaki na muuguzi mmoja saa nane ya usiku, umeme umekatika, jenereta inakohoa, leba kuna mama ambaye patografu yake, chati ya mwendo wa uchungu, imevuka mstari wa kuchukua hatua, na bingwa wa karibu yuko mwendo wa saa tatu. Nataka kujua mikono yako imefanya nini. Na umeniambia, ila umeniambia ukurasa wa sita chini ya “Mengineyo”, kama anayeomba radhi: upasuaji wa kujifungua 31 wewe ukiwa mpasuaji, 58 ukisaidia, ganzi ya uti wa mgongo 40, kuzalisha kwa vakyumu, kile kifaa cha kumvuta mtoto, 9, mrija wa kifuani 4. Nilipofika hapo niliweka kikombe chini.

Yapandishe hayo yakae ukurasa wa kwanza. Yapange kwa idara, uzazi kwanza kwa sababu ndiko wilaya nyingi zinakoumia, na kila namba iseme kama ulifanya mwenyewe, ulifanya bingwa akiwa amesimama pembeni, au ulisaidia. Ulichokiona tu usikihesabu. Logibuku yako, daftari la kazi ulizofanya, ina sahihi za mabingwa. Andika kwamba ipo na utaileta siku ya usaili. Usiongeze hata moja. Kuna kijana aliwahi kutuandikia upasuaji 200. Muuguzi wetu mkuu, ambaye alikuwa akipanga vifaa kwenye chumba cha upasuaji kabla kijana yule hajazaliwa, akamuuliza kwa upole kabisa: “Kizazi huwa unakishona kwa uzi gani, baba?” Kijana akajibu: “Ule unaokuwepo, mama.” Angekuwa anatania tungecheka sote, maana ni kweli mara nyingi unashona na ule unaokuwepo. Lakini hakuweza kutaja hata mmoja. Muuguzi mkuu akafunga jalada taratibu, akamuuliza kama safari ilikuwa njema.

Kuna jambo lingine ambalo ninyi watarajali mnaliona dogo na makatibu wanaliona kubwa: karatasi. Hospitali nyingi, za misheni hasa, zinapumua kwa fedha za bima. Daktari akiandika utambuzi usioendana na dawa aliyotoa, au akisahau sahihi kwenye fomu ya NHIF, dai linakatwa, na mwisho wa mwezi pengo linaonekana kwenye mishahara. Kama unajua kujaza fomu hizo vizuri, kama umetumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, kama umewahi kujumlisha takwimu za MTUHA, zile taarifa za huduma za afya, au kuandaa kikao cha kujadili kifo cha mjamzito, sema. Katibu wetu alikuwa na kalamu nyekundu kwa ajili ya mistari ya namna hiyo tu.

Mengine nipite haraka. Elimu mistari mitatu, chuo juu, kidato cha nne chini. Utafiti wa chuoni mstari mmoja. Mafunzo mafupi yale yanayomgusa mgonjwa, kama kumsaidia mtoto mchanga kupumua; semina ya ujasiriamali iache. Kutazama mpira futa. Kuimba kwaya, ikiwa unaomba misheni, sikukatazi. Majina yafanane na vyeti herufi kwa herufi, na kama cheti kimoja kinakataa, shughulikia hati ya kubadili jina kabla hujaulizwa. Kurasa mbili zinatosha. Akina profesa waachie zao ishirini.

Halafu ile picha uliyoambatisha, umeshika kisu huku sura ya mgonjwa inaonekana kwenye meza, ifute leo. Usingoje kesho. Uliiweka kuonyesha kwamba unajua kupasua. Mimi imenionyesha kwamba hujui kutunza siri.

Maombi yako matatu ya serikalini nadhani yana ugonjwa wa peke yake. Umeambatisha karatasi ya matokeo ya kidato cha sita badala ya cheti chenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba karatasi za matokeo hazipokelewi. Na barua yako haina sahihi. Umeandika jina kwa kompyuta ukaridhika. Hapo hakuna aliyesoma habari za upasuaji wako 31.

Tuje kwenye barua. Yako inaanza hivi: “YAH: MAOMBI YA KAZI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 28, mwenye afya njema na akili timamu, naomba nafasi ya kazi katika taasisi yako tukufu.” YAH simchekei mtu, ndiyo adabu ya barua zetu, iache ikae. Lakini barua hii ukiibadilisha anwani tu inaingia kiwanda cha saruji bila kugusa neno. Na nina wasiwasi kwamba ndivyo ulivyofanya mara 14.

Chukua tangazo, lisome mara mbili. Piga simu, uulize wana vitanda vingapi, leba inazalisha wangapi kwa mwezi, daktari aliyeondoka alikuwa akifanya nini. Mhudumu wa mapokezi atakuambia mengi kuliko tovuti. Kisha andika kama mtu anayezungumza na mfawidhi mlangoni kwake:

“Naomba nafasi ya daktari mliyoitangaza tarehe 3 Septemba. Nimeelewa kwamba atakayeajiriwa atashika zamu za usiku za leba. Katika utarajali nimefanya upasuaji wa kujifungua 31 nikiwa mpasuaji, bingwa akiwa jirani, na kuchoma ganzi ya uti wa mgongo mara 40. Sijawahi kufungua tumbo peke yangu kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Nimesaidia mara sita, na ningeomba kusimamiwa katika za mwanzo. Nimekulia Nzega na nazungumza Kinyamwezi. Naweza kuripoti ndani ya wiki mbili. Wasifu na nakala za vyeti vilivyothibitishwa nimeviambatisha.”

Weka sahihi, basi. “Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa” weka ukipenda.

Najua utakapoisoma, kalamu yako itataka kuufuta ule mstari wa “sijawahi”. Uache. Mimi nikiusoma nalala usingizi. Daktari aliyenitoa jasho katika miaka yote ile hakuwa yule aliyenipigia simu usiku kusema hajui. Alikuwa yule ambaye hakupiga.

Limebaki la wadhamini. Umeandika mkuu wa chuo, mbunge na mchungaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona saa tisa ya usiku. Andika bingwa wa uzazi aliyesaini logibuku yako, muuguzi kiongozi wa leba kama anakubali, na mtu mmoja wa nje. Ila waombe kwanza. Hili nalisema kwa sababu lina mtu anayenidai msamaha. Hospitali yetu ilikuwa ikipokea watarajali, wanakuja wanaondoka. Siku moja nikiwa koridoni nikapigiwa simu: “Tuna kijana hapa amekutaja kuwa mdhamini wake, unamfahamu vipi?” Jina halikuniambia kitu. Nikasema simkumbuki, nikarudi kazini. Siku ya tatu, nikiwa nanawa mikono kabla ya upasuaji, sura yake ikanijia. Ni yule aliyekaa usiku kucha kando ya mama wa kifafa cha mimba, kila saa akimgonga goti kwa nyundo ndogo kuangalia kama magneziamu imezidi, akihesabu pumzi, akipima mkojo kwenye mfuko na kuandika. Asubuhi nilimkuta ameegemea dirisha na nyundo bado mkononi. Nikapiga simu kule. Nafasi ilikwisha kuchukuliwa.

Yeye hakuwa ameniarifu, nami sikuomba dakika tano za kufikiri. Kwa hiyo ukimwomba mtu akudhamini, mtumie wasifu wako na mstari mmoja wa kumkumbusha: mimi ndiye yule wa usiku ule.

Niandikie tena ukiwa na kurasa mbili.

SWALI: Shikamoo mama. Ni daktari, nina miaka 34. Nimekaa nyumbani miaka miwili na nusu nikimuuguza mama yangu aliyepata kiharusi. Alifariki mwezi wa pili. Nataka kurudi kazini, lakini pengo hilo kwenye wasifu linanitisha. Shemeji ana duka la dawa, amesema yuko tayari kuandika kwamba nilikuwa nikifanya kazi kwake. Nifanyeje?
Mama Ilemela, Mwanza

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba.

La shemeji hapana. Usaili una maswali ya kawaida sana, kama “mlikuwa mkiuza nini zaidi?”, na wewe si mwongo mzoefu. Andika mstari mmoja kwenye orodha ya kazi, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza: “Nilisimama kazi kumuuguza mzazi.” Usieleze ugonjwa, usiombe radhi. Katika meza yetu mstari wa namna hiyo haukumwangusha mtu. Lililotusumbua ni pengo tupu, maana kila mtu mezani alilijaza kwa mawazo yake, na mawazo ya kamati yenye njaa hayana huruma.

Mwajiri hataogopa kwamba ulikuwa nyumbani. Ataogopa kwamba mkono umeota kutu. Kwa hiyo anzia Baraza: angalia ada ya kila mwaka, leseni, na alama za mafunzo endelevu, uone umefikia wapi, kabla hujatuma ombi hata moja. Kisha nenda kwa mfawidhi wa hospitali iliyo karibu nawe, uombe wiki sita au nane za kujitolea, nusu wodi ya kinamama, nusu wagonjwa wa nje. Soma upya mwongozo wa taifa wa matibabu. Dozi ulizoziacha kichwani huenda zimebadilika. Hizo wiki zikiisha, wasifu wako unaanza na kazi ya mwezi uliopita, na mdhamini aliyekuona juzi.

Na miaka miwili ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kila saa mbili bila kidonda kutokea mgongoni, hiyo usiiweke kwenye wasifu. Iweke kwenye barua, sentensi moja, hasa ukiomba wodi ya magonjwa ya ndani. Nimefanya kazi na mabingwa ambao hawajawahi kumgeuza mtu hata mara moja.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Mbinga. Kijana wangu amemaliza udaktari na utarajali, mwaka sasa yuko nyumbani. Watu wananiambia bila kumjua mtu hupati. Nina jamaa yangu wizarani, tulisoma naye. Nimwandikie? Karatasi za kijana nimezipeleka mwenyewe hospitali mbili, na simu niliyoandika ni yangu kwa sababu yeye hubadilisha laini.
Mzazi, Mbinga

JIBU: Nzuri, mzee mwenzangu. Uchungu wako naujua, nimesomesha pia.

Kumwuliza jamaa yako nafasi zinatangazwa wapi na lini, hilo halina ubaya, ni maarifa. Kumwomba ampenyeze kijana ni kumpa madaktari wenzake sababu ya kumtazama kwa pembeni miaka yote atakayokaa pale, na siku mgonjwa atakapomharibikia ndipo watakapoisema. Karatasi azipeleke mwenyewe. Akizipeleka kwa miguu, aende asubuhi, avae shati safi, aombe kumsalimia muuguzi mkuu kabla ya kuondoka. Nimeona ombi likipanda juu ya rundo kwa sababu ya salamu hiyo.

Na laini achague moja aishi nayo. Mara ya mwisho nilipompigia kijana kumwita kwenye usaili alipokea baba yake. Alinihoji yeye dakika kumi na mbili: mshahara, nyumba, kama kuna maji ya bomba. Tulipomaliza, mtoto alikuwa shambani, na ujumbe ukamfikia usaili umekwisha.